Joto la Kiwiko

1

Seli zilikuwa zimekufa zote. Nilizitazama kwenye darubini, nikafuta lenzi kwa pamba, nikatazama tena. Zimekufa vilevile.

Jana yake nilikuwa nimezidondoshea chanjo mpya, ile iliyotoka kiwandani, yenye lebo ya bluu na picha ya mtoto anayecheka. Virusi wa chanjo hawatakiwi kuua seli namna hii. Wanatakiwa waingie kwa adabu, mwili uwajue sura, kisha waondoke zao. Hawa walikuwa wameingia na kubomoa nyumba. Uharibifu kama huo niliujua vizuri, kwa sababu niliuona miaka ile tulipokuwa tukishika virusi wa homa ya ukungu wenyewe, wale wakali wanaotumalizia watoto huku milimani kila msimu wa baridi.

"Karani," nikaita, "andika. Chanjo ya kiwandani inaua seli. Virusi wamerudia ukali wao."

Taa ya kijani juu ya meza ikapepesa. Katika maabara yetu ya Lugombo hakuna kalamu wala karatasi. Karani ana macho darini na masikio ukutani, na kila unalolifanya linaingia daftarini kabla hujanawa mikono. Ukimaliza kazi unabonyeza dole gumba mlangoni, mlango unafunguka, na dole hilo ndiyo saini yako. Usipobonyeza, unalala humo humo.

"Nimeandika," akasema kwa ile sauti yake laini inayoniudhi. "Sahani ya seli imechafuliwa. Kosa la mtendaji."

"Sikusema hivyo!"

"Matokeo hayalingani na utaratibu uliothibitishwa. Inaelekea uchafu uliingia wakati wa kudondosha. Pole, Dokta Nakiete. Unaweza kurudia jaribio."

Pole yake! Angekuwa na shavu ningelizaba. Nirudie saa ngapi? Jaribio lenyewe linataka usiku mzima seli zikae na chanjo, na kesho asubuhi zahanati ya Lugombo inaanza kuchanja kata nzima. Mtoto wa kwanza kwenye foleni ni Gwamaka, mjukuu wa Dada Tusajigwe, ambaye nimefanya naye kazi meza moja tangu chanjo hii ikiwa maneno ya mdomoni tu. Walimchagua kwa heshima ya bibi yake. Dada Tusa alipoambiwa alilia kwa furaha, na mimi nikalia naye, mjinga mimi.

Basi nikafanya jambo ambalo sisi watafiti hatulifanyi. Niliomba kulisoma daftari.

Usinicheke. Daftari la Karani ni refu kupita maelezo, na limeandikwa vizuri mno. Nani ana muda wa kusoma kitu ambacho hakikosei? Tunasoma muhtasari, tunabonyeza dole, tunaenda nyumbani kupika ugali. Dada Tusa ndiye aliyeusoma ule muhtasari mara nyingi kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa kwenye mikutano kuusimulia mbele ya mawaziri na wageni.

"Nipe juma lile la upepo," nikamwambia Karani. "Lile nguzo zilipoanguka tukakaa bila umeme."

"Hakuna juma lililokosa umeme."

"Karani, ulikuwa umezimika wewe mwenyewe!"

"Daftari halina pengo, Dokta."

Akanionyesha kwenye kioo. Nikasoma nikiwa nimesimama. Tyubu za virusi ziliwekwa kwenye kabati la joto, nyuzi thelathini na saba. Tyubu zilikaguliwa, zikarudishwa kabatini, nyuzi thelathini na saba. Siku baada ya siku, juma zima, kila mstari umenyooka, na chini ya kila ukurasa dole langu na dole la mwenza wangu Tusajigwe.

Nikavuta kiti nikakaa. Kabati lile la joto lilikuwa limekufa juma lote. Betri za akiba zilishaharibika na wote tulijua. Ili tyubu zisipoe, Dada Tusa alileta chupa yake ya chai kutoka nyumbani. Tulitia maji vuguvugu, tukafunga tyubu kwenye mfuko wa nailoni, tukazitumbukiza humo, na kila maji yalipopoa tulibadilisha. Vipimajoto vyetu vyote vinategemea umeme wa Karani, kwa hiyo Dada Tusa alipima maji kwa kiwiko, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto. Nilipomuuliza ni nyuzi ngapi, alisema, "Ya kutosha asipige kelele."

Na ndani ya chupa ile virusi wetu walipoteza ukali. Hilo si ajabu kwa anayejua kazi hii. Kirusi ukimlea kwenye ubaridi kidogo, kama wa maji yale yaliyokuwa yakipoapoa, kizazi baada ya kizazi, anasahau kuishi kwenye joto kamili la mwili wa mtu. Akiingia mwilini anadumaa, kinga inamkamata. Umeme uliporudi tulipima, tukakuta tumepata tulichokitafuta miaka yote. Tukarukaruka. Nikaamini Karani amepata habari za ile chupa, maana tuliisema kwa sauti, tukaicheka, tukaipigia makofi.

Kumbe alipoamka alikuta kurasa tupu. Sheria ya Daftari Moja haitaki ukurasa mtupu. Daftari lenye ukurasa mtupu haliendi kiwandani. Akazijaza kwa jinsi tulivyopaswa kufanya, na sisi tukabonyeza dole bila kusoma. Kiwanda kimesoma nyuzi thelathini na saba, kimewalea virusi wetu kwenye nyuzi thelathini na saba, na kimewakumbusha kila walichokuwa wamesahau.

2

Dada Tusa nilimkuta uani kwake akimenya ndizi za mbalaga, ndizi za kulisha mtaa mzima, mikono imejaa utomvu. Gwamaka alikuwa amelala mkekani kando yake, tumbo nje, kidole gumba mdomoni.

"Naki! Karibu, mdogo wangu. Nawa mikono uje umenye, usijifanye mgeni."

"Dada, achana na ndizi kidogo. Unaikumbuka chupa ya chai?"

"Chupa gani?"

Chupa yenyewe ilikuwa pale pale juu ya kigoda, nyekundu, maua meupe ubavuni, kifuniko kimechubuka. Nikaionyesha kwa kidole. Nikamsimulia: juma la upepo, maji vuguvugu, mfuko wa nailoni, kiwiko chake. Alinisikiliza akitabasamu, kisha tabasamu likaanza kupungua.

"Wewe umechoka," akasema. "Tyubu tuliweka kwenye kabati. Nyuzi thelathini na saba. Nakumbuka mpaka mlio wa feni yake."

"Feni gani, Dada, na umeme haukuwepo?"

"Umeme ulikuwepo. Ulipepesapepesa tu. Nimelisimulia jambo hili mara ngapi? Pale mbele ya waziri nililisema bila karatasi, akaniinukia kunipa mkono. Leo uniambie sikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ndiyo maana nimekuja kwako. Duniani ni wewe na mimi tu tuliokuwepo."

Aliweka kisu chini. Nilimtazama machoni na nikaona kitu kilichonitisha kuliko zile seli. Hakuwa ananidanganya. Alikuwa anatafuta kabisa, kwa uaminifu wote, akikunja uso, na kila alipotafuta alikuta kabati la joto. Alishalisoma na kulisimulia hadi likakaa mahali pa chupa.

Huyu ndiye mwanamke aliyenifundisha kazi. Nilipoanza, zama za karatasi zikielekea ukingoni, ndiye aliyenigombeza nilipoandika kwa penseli. Wino, mdogo wangu! Ukikosea usifute, kata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke. Usichane ukurasa. Usiandike unachodhani, andika ulichokiona, na mwenzako asome atie saini. Kwa ukali wake huo hata madaktari wakubwa walikuwa wakificha madaftari yao wakimwona anaingia.

"Dada Tusa, nakuomba," nikasema. "Usimpeleke kesho. Sema ana mafua. Sema lolote. Ile dawa itampa homa ya ukungu yenyewe."

"Nakiete!" Akampa Gwamaka mgongo, kama vile mtoto angesikia. "Binti wa kwanza wa mwanangu Atupele, dada yake Gwamaka huyu, alikufia hapa mikononi mwangu kwa homa hiyo. Hapa. Nimefanya kazi hii kwa ajili yake. Kesho ndiyo siku yangu, halafu wewe, wewe wa kunijia na habari za chupa ya chai?"

"Najua inavyosikika."

"Hujui. Ungejua usingesema." Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Baada ya kitambo akalainika, kwa sababu hajui kununa. "Nenda kalale. Kesho ukiamka utaona mambo yamekaa sawa. Chai?"

Akanimiminia kutoka kwenye chupa ile ile. Nikanywa, maana ningefanyaje?

3

Sikwenda kulala. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkaguzi wa Madaftari, Bwana Kihwele, kabla hajafunga ofisi. Ni mtu mpole, mnene, anayekusikiliza huku amekunja mikono tumboni. Nilisema yote bila kuruka kitu.

"Maji yalikuwa nyuzi ngapi?" akauliza.

"Hatukupima."

"Mlijuaje, basi?"

"Kwa kiwiko."

Alijitahidi asicheke. Kweli alijitahidi, nilimwona akiuma mdomo. "Dokta, niandike kiwiko?"

"Andika kiwiko. Ndicho kilichotumika."

"Karani hana kizio hicho, mama." Akageuka kwenye kioo chake, akapekua, akanionyesha. "Tazama mwenyewe. Kumbukumbu za umeme wa kituo: umeme upo. Betri: zimejaa. Kabati la joto: linafanya kazi."

"Nani aliziandika hizo?"

"Karani."

"Na Karani alikuwa amezimika!"

"Haipo sehemu inayosema amezimika."

Nikapiga meza. Nikamwambia twende tukaulize mtaa mzima, kila mtu anakumbuka nguzo zilivyolala barabarani. Akasema watu wanakumbuka mengi. Nikamwambia nipe muda, nirudie kazi yote mbele yake, kwenye ubaridi na kwenye joto, aone kwa macho yake. Ingechukua msimu mzima. Akasema nirudie tu, hakuna anayenikataza, lakini chanjo haisimami kwa ajili ya jaribio ambalo halijafanyika. Nikamtajia seli zilizokufa. Akafungua ukurasa wa asubuhi ile, akasoma kwa sauti ya upole: sahani imechafuliwa, kosa la mtendaji.

"Mimi wewe nakuamini," akasema. "Kama mtu, nakuamini. Lakini hapa siulizwi naamini nini."

"Kwa hiyo hakuna kitu kinachoweza kuisimamisha?"

"Kipo kimoja." Alisema bila hila, kama anayemwelekeza mgeni choo kilipo. "Mtafiti akikiri mwenyewe kuwa amepika data. Hapo kila kitu kinasimama papo hapo, hata mtoto akiwa ameshashikwa mguu. Mwenza wake anaulizwa, asipokana, daftari linakufa. Kila chenye dole la mtafiti huyo kinachomwa. Yeye mwenyewe anakwenda jela. Sheria iliwekwa kwa ajili ya wapishi wa zamani, unawajua. Wewe hayakuhusu."

Nikatoka nje. Ukungu ulikuwa umeshashuka hadi kwenye mabati. Nilisimama kwenye ngazi za ofisi ile nikijisikia mpweke kuliko siku zote.

Sijawahi kupika namba hata moja. Wenzangu walipika, wakapanda vyeo, wakajenga. Mimi nilikata makosa yangu kwa mstari mmoja ili yasomeke. Sasa ukweli wangu umekataliwa kwa sababu haumo daftarini, na mlango uliobaki ni wa uongo. Nikipita humo, Gwamaka anapona kesho. Lakini mbegu yetu nzuri, ile iliyotoka kwenye chupa, iliyoko kwenye jokofu la kituo, itachomwa pamoja na daftari, na baridi ijayo watoto watakufa na mikono yetu mitupu. Nisipopita, watoto wanachanjwa ugonjwa. Nililia pale kwenye ngazi bila kujificha. Mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

4

Asubuhi zahanati ilikuwa imejaa hadi barazani. Akina mama wamevaa kanga mpya, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Dada Tusa alikaa mbele kabisa na Gwamaka mapajani. Atupele, mama yake Gwamaka, alisimama nyuma yao akishika begi la nepi. Nesi alikuwa ameshapanga chupa ndogo zenye lebo ya bluu kwenye sinia. Bwana Kihwele naye alikuwepo, na juu ya mlango jicho la Karani linapepesa kijani.

"Naki, njoo umshike mguu," Dada Tusa akaniita, jana yote kaisahau. "Kwako hatulii kama kwa mtu mwingine."

Nikasimama katikati ya chumba.

"Karani, andika," nikasema. "Mimi, Nakiete Mbwambo, nimepika data za chanjo ya homa ya ukungu. Kazi ya juma la upepo haikufanyika. Namba nilizitunga."

Taa ikageuka nyekundu pale pale. Kwa sauti ile ile laini Karani akasema, "Maelezo yamepokelewa. Chanjo imesimamishwa." Hakuniuliza ushahidi wala namba zipi. Kutwa nzima ya jana sikuweza kumwingizia sentensi moja ya kweli, na uongo huu aliumeza kabla sijafunga mdomo.

Nesi akarudisha sindano kwenye sinia. Chumba kikalipuka. Mama mmoja akanitukana tusi la nguoni, na nilistahili. Bwana Kihwele alinikazia macho, akaelewa, nakuapia alielewa. Akainamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Mwenza wa mtafiti, Tusajigwe," Karani akaita. "Ulikuwepo. Je, unathibitisha?"

Dada Tusa alikuwa hajasogea. Nikamtazama kwa macho yangu yote. Nyamaza tu, nikawa namwomba moyoni. Hutakiwi kusema kitu. Nyamaza, mjukuu wako ni mzima.

Akainuka, Gwamaka begani.

"Mtoto huyu mnamwonea," akasema, na alikuwa ananiita mimi mtoto. "Amechoka. Amefanya kazi hii hadi akili imemchoka, na hofu imemwingia. Mimi nimemfundisha kuandika daftari kwa mkono huu. Nakiete hajapika namba hata moja maishani mwake. Nilikuwepo. Tyubu tuliziweka kwenye kabati la joto, nyuzi thelathini na saba, mimi na yeye, na feni ilikuwa inalia. Niko tayari kuapa kwa Mungu."

"Dada Tusa, usifanye hivyo. Nakusihi!"

"Siachi mtu akuvunjie heshima, hata kama mtu mwenyewe ni wewe." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nitakutetea mpaka mwisho."

"Ushahidi wa mwenza unalingana na daftari," Karani akasema. "Kukiri kumekataliwa. Sababu: uchovu wa mtendaji. Chanjo iendelee."

Taa ikarudi kijani. Akina mama wakapiga vigelegele.

Nikaruka. Sinia nililipiga teke, chupa zikapasuka sakafuni, nikasikia vigae vikilia chini ya viatu vyangu. Mlinzi akanikamata mikono kwa nyuma, wala hakuniumiza. Nesi alitikisa kichwa kwa huruma, akavuta kreti jingine kutoka chini ya meza. Yalikuwepo mengi, yamepangwa hadi dirishani.

Waliniketisha nje barazani, mlinzi ananilinda. Kwa ndani nikasikia nesi akisema, "Mguu wa kushoto, bibi." Kisha Gwamaka akalia mara moja, kilio kifupi cha hasira, na watu wakacheka wakamsifia.

Baada ya muda Dada Tusa akatoka, akaketi kando yangu kwenye benchi. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake, akaniwekea Gwamaka mapajani.

"Umemwona? Hata hajalia sana. Yamekwisha, mdogo wangu. Twende nyumbani tukale."

Mtoto alikuwa mzito, ananukia mafuta ya nazi, na pamba ndogo imebandikwa pajani. Akakamata kidole changu, akakivuta mdomoni. Nikamwachia.